Mikebe Myekundu

Akoru alianza kumwonea Nyibol wivu kwa sababu ya makofi.

Kabla ya hapo hakuwa na neno naye. Nyibol alikuwa msichana mmoja tu kati ya wengi wa kambini Kakuma, mrefu kama nguzo ya simu, aliyetokea siku moja ya Mei 2012 katika uwanja wa Gatwech wa kuinulia vyuma akiwa amekumbatia chungu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akoru alidhani analeta maji ya kuuza.

"Si maji," Nyibol alisema. "Ni dawa yangu. Naomba mahali penye kivuli."

Uwanja wa Gatwech, kocha wao, ulikuwa nyuma ya kibanda chake cha kuchaji simu, pale kambi inapokaribia kugusana na mji. Ulikuwa umezungushiwa ua wa miiba, na upande mmoja kulikuwa na turubai kuukuu lililotoa kivuli. Mle ndani hamkuwa na chuma cha kununuliwa hata kimoja. Vilikuwamo vipande vya bomba la maji na mikebe ya mafuta ya mgao, ile ya lita nne, iliyojazwa simiti. Unasimamisha kijiti katikati ya mkebe, unamimina simiti, unaacha ikauke, unachomoa kijiti. Tundu linabaki, na mkebe unavishwa kwenye bomba. Kila mtu alijaza mikebe yake mwenyewe na kuipaka rangi yake, na ilikuwa mwiko kugusa ya mwenzako. Gatwech aliweka sheria hiyo baada ya vijana wawili kupasuana vichwa kwa sababu ya mkebe mmoja.

Kwa hiyo pale nguvu ilihesabiwa kwa mikebe. Hakuna aliyetaja kilo. Kilo zilikuwa za nyama na unga.

Akoru alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, Mturkana wa mjini Kakuma, na nguvu zake hakuzipata kwenye mchezo. Tangu alipokuwa msichana alibeba magunia ya makaa kutoka porini kwenda kuyauza kambini. Hata mikebe yake aliipata hivyo, kwa kubadilishana makaa na wakimbizi waliomaliza mafuta. Alipoinua bomba lenye mikebe minane mara ya kwanza, Gatwech, ambaye mguu wake mmoja haukukunjika tangu vita vya kwao, alitazama kutoka kwenye kiti chake akasema, "Sawa." Wavulana wakaendelea na mambo yao. Mtu wa makaa kuinua mizigo kulikuwa na ajabu gani?

Mwezi wa Agosti Nyibol naye akainua minane. Uwanja mzima ukapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi. Gatwech akajikokota kutoka kitini, akampa mkono, kisha akatoa mfukoni pakiti ya glukosi aliyokuwa akimtunzia.

"Na ni mgonjwa," akawaambia wengine. "Mnaona? Huyu anajidunga sindano asubuhi na jioni ili aishi tu. Nyinyi mkiumwa kichwa mnalala siku tatu."

Akoru alikuwa ameketi karibu na lile turubai. Karibu na turubai, si chini yake, kwa sababu kona ya kivuli kizuri, aliyoizoea yeye, sasa ilikuwa ya kile chungu. Kilikuwa vyungu viwili hasa, kimoja ndani ya kingine, na katikati mchanga uliolowanishwa maji. Ndani kabisa, kwenye kichupa kilichofungwa kwa plastiki, ndimo ilimokaa insulini. Hema la kina Nyibol lilikuwa joto kama tanuri mchana. Hapa Gatwech mwenyewe aliumwagia mchanga maji kila saa mbili. Akoru aliwahi kuomba maji ya kunywa akaambiwa aende bombani.

Jioni hiyo alimweleza mama yake, Nakuleu, aliyekuwa akisuka mkeka mbele ya nyumba.

"Mikebe minane," Akoru alisema. "Mimi minane, yeye minane. Yeye anapigiwa makofi."

"Baada ya kuinua mnaipeleka wapi?" Nakuleu aliuliza.

"Mnairudisha chini."

"Pale pale?"

"Pale pale, mama."

"Basi nyote wawili ni wajinga," Nakuleu akasema, akaendelea kusuka. "Na huyo mwingine ana ugonjwa wa kumsamehe. Wewe una nini?"

Neno hilo lilimkaa Akoru rohoni. Ndiyo, yeye ana nini? Ana miguu miwili mizima, mgongo wa punda, damu isiyo na kasoro. Hayo yote yalikuwa kama hayapo. Afadhali angekuwa na jicho moja tu.

Akaanza kumchunguza Nyibol kama mtu anayemchunguza mkwe asiyempenda. Alimwona akipima chakula chake kwa kifuniko cha mkebe: ugali vifuniko viwili, maharagwe kimoja, hazidishi hata wenzake wakimcheka. Alimwona akiandika katika daftari dogo la shule lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Saa aliyokula, saa aliyojidunga, alichoinua, alivyojisikia. Akoru aliona ni maringo. Tena kulikuwa na maneno kambini kwamba ile sindano ndiyo inayompa nguvu, na Akoru, ingawa hakuyaamini sana, aliyarudia kwa watu wawili watatu ili asiyaamini peke yake.

Siku moja alimuuliza waziwazi. "Hiyo dawa, mtu asiye mgonjwa akijidunga inakuwaje?"

"Wewe?" Nyibol akacheka. "Sukari itashuka mwilini, utatetemeka, utatoka jasho, utaanguka. Mimi pia nikikosea naanguka. Unataka kujaribu, dada?"

"Nauliza tu."

"Kila mtu anauliza tu."

Mwezi wa Novemba Gatwech alipigiwa simu kutoka Lodwar, akawaita wote. Mwakani, Juni mosi, kungekuwa na mashindano ya nguvu huko. Kila kituo cha mazoezi kingepeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mwanamke wa kwanza angepelekwa Eldoret miezi mitatu kufunzwa na kocha wa kweli, kwa vyuma vya kweli.

"Nitachagua mwisho wa Aprili," alisema. "Atakayeinua mikebe mingi ndiye anakwenda. Sitaki mtu aje kulia kwangu."

Wavulana wakamgeukia Nyibol wote kwa pamoja. Akoru aliziona zile shingo zikigeuka. Hakuna hata moja iliyogeukia upande wake.

Eldoret. Akoru hakuwahi kupita Lokichar. Usiku huo na siku zilizofuata alijiona akishuka Eldoret na mfuko wake, mahali penye baridi, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba aliuza makaa. Alitaka kitu hicho kuliko alivyowahi kutaka mume. Na kati yake na kitu hicho alisimama msichana mmoja mwenye chungu.

Desemba mikebe ya zamani ilikuwa imekwisha kupasuka na kuliwa na kutu. Mafundi waliokuwa wakijenga kanisa walimwachia Gatwech mifuko ya simiti iliyobaki, naye akatangaza kwamba kila mtu alete mikebe kumi, yote ijazwe siku moja. Wiki hiyohiyo Nyibol akalazwa kliniki. Chungu cha nje kilipata ufa, mchanga ukakauka bila mtu kujua, dawa ikaharibika kwa joto, na sukari yake ikapanda mpaka akawa haoni vizuri.

Akoru alikwenda kumtazama. Alikwenda kwa sababu wote walikwenda, na asiyekwenda angeonekana.

"Ejok, dada," Nyibol alisema. Alikuwa amejifunza salamu ya Kiturkana, nalo hilo lilimuudhi Akoru. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Ejok. Umekonda."

"Dada, kesho mnachanganya simiti. Mikebe yangu kumi iko pale nyumbani, shangazi atakupa. Nijazie, tafadhali. Nipakie rangi nyekundu. Wale wavulana wataacha hewa ndani, itavunjika. Mikono yako naiamini."

Akoru alikubali. Wakati akikubali hakuwa na nia yoyote mbaya, na hilo alilikumbuka baadaye mara nyingi, kana kwamba lingemsaidia.

Nia ilimjia njiani. Alipita kwenye gereji ya barabarani ambako malori ya kwenda Sudan Kusini yalitengenezwa, na ardhini kulikuwa na lundo la nati, bolti na vipande vya springi vilivyokatika. Alisimama akalitazama. Akamwomba fundi amchotee gunia nusu. Fundi akamuuliza ni la nini.

"La kujengea," akasema.

Kesho yake alijaza mikebe yake kumi kwa simiti, kama watu wote. Ile ya Nyibol aliibeba nyumbani kwao mjini pamoja na ndoo ya simiti mbichi, na nyuma ya nyumba akaweka konzi za nati na bolti katika kila mkebe, akamimina simiti juu, akagonga pembeni ili isibaki hewa. Alifanya kazi safi. Mikebe yake aliipaka bluu, ya Nyibol nyekundu. Ukiitazama ilikuwa sawasawa kabisa.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Gatwech anahesabu mikebe. Mwenye mikebe mizito atainua michache.

Januari Nyibol alirudi uwanjani. Alivisha mikebe minne kwenye bomba, akainama, akainua, akasimama kidogo na uso wa kujiuliza.

"Simiti ya safari hii ni nzito," akasema.

"Umelala kliniki wiki mbili," Akoru akamjibu bila kumtazama. "Mwili umelegea. Hata mikebe yangu ni hivyohivyo tu."

Nyibol akamtazama, akaitazama mikebe. "Kweli," akasema. "Mwili umelegea."

Basi zikaja wiki tamu katika maisha ya Akoru. Aliinua minane, Nyibol anahangaika na mitano. Aliinua tisa, Nyibol amekwama kwenye sita. Makofi yalipungua. Wavulana walianza kusema kwamba ugonjwa sasa umemshinda. Gatwech mwenyewe alimwambia Nyibol apumzike, si lazima. Akoru alikuwa akifunga lesi za viatu aliposikia hayo, akazifunga polepole, akazifungua, akazifunga tena, ili aendelee kusikia.

Lakini Nyibol hakupumzika. Alikuja siku nne kila wiki, kama zamani. Alipima ugali wake, aliandika katika daftari lake, akalowanisha mchanga wa chungu kipya. Alitoka jasho mpaka mgongo wa fulana ukawa mweupe kwa chumvi.

Katikati ya Februari alikuwa akiinua mikebe saba mara ya tatu mfululizo, Akoru akiwa amesimama kando kusubiri zamu, bomba likamtoka mikononi. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Akasema jambo kwa Kidinka ambalo halikuwa na maana kwa yeyote.

Gatwech alikuwa mbele anamhudumia mteja wa simu. Aliyekuwa karibu ni Akoru.

Alifika kwenye ile pakiti ya glukosi bila kujua miguu ilimpelekaje. Aliikoroga katika kikombe cha maji, akamshika Nyibol kichwa, akamnywesha kidogokidogo. Mkono wake ulitetemeka kiasi kwamba nusu ilimwagika shingoni mwa Nyibol. Moyoni alikuwa akisema neno moja tu: nati, nati, nati. Aliziona zile konzi. Akaona jeneza. Akaona polisi wakipasua mkebe kwa nyundo mbele ya watu.

Baada ya dakika kumi Nyibol alirudi. "Asante," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Akamtazama Akoru kwa muda mrefu. "Umenimwagia."

"Utajifuta."

Mtu mwingine angekiri siku hiyo. Akoru alikwenda nyumbani akakusudia kukiri, akalala na kusudio hilo, na asubuhi akalikuta limepungua. Angesema nini? Na Eldoret je? Akajiambia kwamba Nyibol ataacha mwenyewe sasa, baada ya kuanguka. Wiki ileile Nyibol alikuwa uwanjani tena, na pakiti mbili za glukosi badala ya moja.

Jumamosi ya mwisho ya Aprili Gatwech aliweka kiti chake katikati, akavaa kofia. Akoru aliinua mikebe kumi ya bluu. Wa kumi ulimtoa machozi lakini ulitoka. Nyibol aliinua minane, akainua tisa, na wa kumi ukamshinda magotini.

"Akoru anakwenda Lodwar," Gatwech akasema.

Nyibol akaja kumpa mkono. Wakapiga makofi pia, machache, ya watu wanaotimiza wajibu. Halafu mvulana mmoja akasema, "Lakini tisa, na ugonjwa wote ule, si mchezo," na Akoru akahisi ushindi ukimchacha mdomoni kama maziwa ya juzi.

Safari ya Lodwar walikwenda wanne kwa lori la mfanyabiashara wa mbuzi: Gatwech, Akoru, kijana mmoja aitwaye Chuol aliyeteuliwa upande wa wanaume, na Nyibol. Nyibol alikuwa na kibali cha kutoka kambini cha siku tano, kwa ajili ya kuonana na daktari hospitalini Lodwar. Bila kibali mkimbizi hatoki Kakuma hata kwa mguu, na huyu alikikunja akakiweka ndani ya daftari lake, akawa anakigusa kila walipokaribia kizuizi cha polisi. Akoru alikuwa na kitambulisho mfukoni na hakukigusa hata mara moja.

"Wewe unapanda gari tu," Nyibol alimwambia, kizuizi cha pili kilipopita. "Ukitaka kesho uende, unakwenda."

"Niende wapi? Kuuza makaa?"

"Popote, dada. Nimesema popote."

Mashindano yalifanyika katika uwanja wa shule moja. Hapo Akoru aliona kwa mara ya kwanza vyuma vya kweli: sahani nyeusi za duara, kila moja imechongwa namba ya kilo. Wanawake walikuwa wachache kiasi kwamba waliwekwa katika kundi moja tu. Msimamizi, mama mnene mwenye filimbi, alisoma majina matano, akasita.

"Wa Kaikor hajafika. Mto wa laga umejaa mvua, gari liko ng'ambo." Akawatazama makocha. "Nafasi iko wazi. Kuna mwenye mtu?"

Gatwech akanyoosha mkono kabla hajamaliza. "Ninaye mmoja. Lakini ana kisukari. Kile cha sindano."

"Daktari wake anasemaje?"

"Nimemwona jana," Nyibol akasema. "Ameandika ninaweza, mradi nipime kabla na baada." Akatoa karatasi ndani ya daftari.

Msimamizi akaisoma mpaka mwisho. "Sawa. Ila wa Kakuma tayari yuko. Kituo kimoja kuwa na wawili, mwenye nafasi akipinga, sitaki maneno." Akamgeukia Akoru. "Dada, una pingamizi?"

Sasa hapa ndipo mtu anayepima mambo angetulia kidogo. Akoru hakuwa mtu wa kupima. Kichwani mwake mlikuwa na namba mbili tu, kumi yake na tisa ya Nyibol. Amezitazama namba hizo tangu Aprili, amezilalia, amezinywea chai, mpaka akasahau kilichokuwa ndani ya ile tisa. Alichofikiri ni kwamba Nyibol atashindwa mbele ya watu wa Lodwar, mbele ya msimamizi, mbele ya Gatwech, na kwamba baada ya hapo hakuna atakayesema tena lile neno "lakini".

"Aingie tu," akasema.

Walianzia kilo themanini. Wawili wakatoka kwenye tisini, wengine wawili kwenye mia. Wakabaki wa Kakuma. Akoru akainua mia na tano, na mgongo ukamwambia kwamba hapo ndipo mwisho wake. Akajaribu mia na kumi. Chuma kikapanda mpaka chini ya magoti, kikasimama, kikarudi.

Nyibol alikuwa ameketi chini ya mwarobaini karibu na chungu chake, akitafuna kipande cha chapati alichokipima. Akapima sukari yake kwa kimashine alichoazimwa hospitali, akaandika. Akaja.

Mia na tano ilipanda kama ndoo ya maji. Mia na kumi ilipanda. Watu wakaanza kusogea. Nyibol akainama karibu na meza, akasema na mwandishi wa matokeo, nao wakaweka mia na kumi na tano.

Na ni wakati ule, sahani zikivishwa moja baada ya nyingine na kulia kwa mlio ambao simiti haina, Akoru alipoelewa. Miezi mitano. Siku nne kila wiki. Yeye amekuwa akiinua simiti, na mwenzake chuma. Kila konzi aliyoitia mwenyewe, kwa mkono wake, ilikuwa imeingia katika mgongo wa Nyibol ikakaa humo. Alitaka kucheka. Alitaka kukimbia akamwambie mama mwenye filimbi kwamba ana pingamizi, ndiyo, analo, amelikumbuka.

Nyibol alivuta pumzi, akainua. Chuma kikapita magoti, kikatetemeka, akasimama wima. Filimbi ikalia.

Makofi hayo Akoru hakuyasikia. Alikuwa akizihesabu sahani.

Alimkuta baadaye kwenye mwarobaini, amejidunga, anafunga kichupa chake. Gatwech alikuwa upande wa pili akimweleza kila mtu, hata wauza maji, kuhusu kisukari.

"Hongera," Akoru akasema. Neno lilitoka kama mwiba.

"Kaa, dada."

Akakaa. Nyibol akafungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, akamwekea mbele. Mwandiko ulikuwa mdogo na safi. Januari, wiki ya pili. *Mkebe mmoja mwekundu, mizani ya mgao: kilo 11 na nusu. Mkebe wa bluu: kilo 9 na nusu.*

Akoru aliusoma mstari huo mara tatu.

"Uligusa mikebe yangu," akasema hatimaye.

Nyibol akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimegusa. Nishtaki kwa Gatwech."

"Ulijua tangu Januari."

"Mimi napima kila kitu, Akoru. Ugali napima, dawa napima, usingizi napima. Nisipopima ninakufa. Wewe ulidhani nitaambiwa mwili umelegea, niamini tu?" Akafuta jasho shingoni. "Siku tatu nilikasirika. Nilitaka kukupasua kichwa na mkebe mmojawapo. Siku ya nne nikaandika: kama nikiinua tisa ya namna hii, ni zaidi ya kumi yake. Nikaacha hivyo."

"Ningekwenda peke yangu. Ulishindwa Aprili."

"Nilishindwa. Hilo sikulipima vizuri." Akarudisha kichupa chunguni. "Nilijua wa kumi utatoka. Haukutoka. Nililia wiki nzima. Laga ya Kaikor ndiyo imenisaidia, na wewe uliyesema niingie."

Akoru aliinamisha kichwa. "Ile siku ulipoanguka."

"Nilikuwa nimejua tayari wiki tano. Nikiwa pale chini nilisema, sasa nitaona. Ukanishika kichwa, mkono unatetemeka, ukanimwagia nusu kikombe." Nyibol akafunga daftari na kulizungushia mpira wake. "Nikasema, huyu hataki nife. Anataka nishindwe tu. Na mtu anayetaka nishindwe ninamweza."

Hakusema amemsamehe, wala Akoru hakuomba. Kulikuwa na kitu kimoja kilichomuuma kuliko vyote. Hata uovu wake, kazi aliyoifanya peke yake nyuma ya nyumba, ulikuwa umeandikwa katika daftari la mtu mwingine na kutumiwa vizuri kuliko yeye alivyoutumia.

Kibali cha Eldoret kilichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu Akoru aliomba kikataliwe. Aliomba kanisani, amepiga magoti, akijua kabisa anaomba nini. Kikikataliwa, wa pili ndiye angekwenda. Kilitolewa. Asubuhi ya safari alikwenda mpaka penye basi, akasimama na watu wengine wa uwanjani. Nyibol alikuwa na mfuko mmoja na chungu.

"Niachie mikebe yako," Akoru alimwambia.

"Ile myekundu?"

"Ile."

"Si yangu, dada. Uliijaza wewe." Akapanda ngazi, akageuka. "Lakini pima. Usihesabu."

Jioni hiyo Akoru alibeba mkebe mmoja mwekundu na lile bomba mpaka kwa muuza nyama, akauning'iniza mkebe kwenye mizani pale wanaponing'iniza paja la mbuzi. Kilo kumi na moja na nusu. Muuza nyama akauliza ni nyama ya mnyama gani. Kisha Akoru akapima bomba: kilo nane. Akanunua daftari.

Uwanjani alivisha mikebe minane. Iligoma, akaiacha, akakaa, akairudia. Mara ya pili ikatoka, akasimama wima na mgongo ukiwaka moto.

"Nyibol aliinua mikebe hiyo tisa," kijana mmoja akasema kutoka penye ua wa miiba. "Na alikuwa mgonjwa."

"Najua," Akoru akasema.

Akavisha wa tisa. Haukutoka chini hata unywele. Akajaribu tena, ukakaa palepale, kama umepandwa. Gatwech alimtazama kutoka kwenye kiti chake. Akoru akaketi kwenye ile kona ya turubai, ambayo sasa ilikuwa tupu, bado ina duara la unyevu mahali chungu kilipokaa. Akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe, na chini yake: *Minane. Kilo 100.* Akafikiri, akaongeza: *Yeye 115.*